Karatasi za Hans Cory: Jina la Mmoja, Maneno ya Wengi

Mtu wa Shishiyu, wilayani Maswa, akitaka kusoma jinsi watemi wa Usukuma walivyoteuliwa, walivyotawazwa na walivyozikwa, safari yake haitaishia Bariadi wala Mwanza. Itamfikisha Mlimani, Dar es Salaam, kwenye maktaba ya Chuo Kikuu, katika kitengo cha East Africana. Humo mna makabrasha yanayojulikana kwa watafiti kama Mkusanyo wa Hans Cory: nyimbo, hadithi, maelezo ya ngoma na matambiko, historia za tawala za watemi, na kurasa kwa kurasa za sheria za mila, nyingi zikiwa zimepigwa taipu. Sehemu kubwa ya maneno hayo ilitoka vinywani mwa wazee wa Kanda ya Ziwa, Wasukuma wakiwa mstari wa mbele.

Zaidi ya miaka 60 imepita tangu mwenye jina hilo afariki mwaka 1962. Historia ya mkusanyo wake inafaa kusimuliwa hasa Simiyu, mkoa wenye Maswa na Bariadi, kwa sababu ni historia ya mali iliyoondoka huku.

Mkusanyaji

Hans Cory alizaliwa Vienna, Austria, kwa jina la Hans Koritschoner. Mwaka 1936 bado alikuwa akiandika kwa jina hilo la kwanza, pale jarida la wanaanthropolojia wa Uingereza lilipochapa makala yake kuhusu ngoma ya sheitani, yaani tiba ya watu waliopandwa na pepo. Kufikia 1945, kitabu cha sheria za mila za Wahaya alichokiandika pamoja na M. M. Hartnoll kilitoka kwa jina la Cory, na ndilo lililobaki.

Alikuwa mkusanyaji kabla ya kuwa mtumishi wa serikali. Alipenda nyimbo, ngoma na vitu vya jando na unyago. Serikali ya Tanganyika ilipomwajiri katika miaka ya 1940 kama mtaalamu wake wa mambo ya jamii, mapenzi hayo yakawa kazi ya mshahara. Makazi yake ya kazi yakawa Mwanza, na Usukuma wote wa wakati ule, kuanzia Mwanza na Kwimba hadi Maswa na Shinyanga, ukawa shamba lake.

Hapo pana jambo lisilofaa kufichwa katika kumbukumbu ya namna hii. Mzee aliyekaa na Cory chini ya mti alikuwa akizungumza na mtu wa serikali. Kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu utawala wa jadi wa Wasukuma kilibeba, hadi kwenye jalada, mapendekezo ya kuurekebisha utawala huo. Dola ya kikoloni ilitaka kumjua mtemi ili imtawale, na baadaye ili imbadilishe. Kwa hiyo anayefungua makabrasha hayo leo ajiulize kwanza swali lilitoka kwa nani, na mzee aliyelijibu alikuwa na sababu gani ya kujibu vile.

Nyimbo, kuta na vinyago

Utajiri mkubwa wa mkusanyo uko kwenye mambo ambayo serikali haikuyahitaji sana. Mwaka 1944 Cory aliandika kuhusu mabasa, taratibu za Kisukuma zinazofuata kuzaliwa kwa mapacha. Mwaka 1946 akaandika kuhusu Buyeye, chama cha siri cha wacheza nyoka. Mwaka 1951 kikatoka kitabu chake kidogo kuhusu mtemi, kinachofuata taratibu za mazishi, uteuzi na utawazaji, pamoja na nguvu za dawa zilizomzunguka mtawala.

Mfano wa Buyeye unaonyesha thamani ya kazi hiyo kwa karibu. Bayeye, yaani wanachama wake, walikuwa na nyumba za kuwafundishia wanafunzi wao, na kuta za ndani za nyumba hizo zilichorwa picha: nyoka, watu, na viumbe wa masimulizi ya chama. Mchoro ulikuwa somo. Mkufunzi alionyesha, mwanafunzi akakariri. Lakini ukuta wa udongo una umri wake. Mvua za miaka michache zinatosha kuumomonyoa, na fundi akipiga lipu upya picha hupotea bila mtu kusikitika, kwa kuwa nyingine itachorwa. Cory alizinakili picha hizo, na mwaka 1953 zikatoka kama kitabu huko London. Kuta zenyewe zilikwenda na mvua, na anayetaka kujua zilichorwa nini hana budi kufungua kitabu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa vinyago vya udongo. Katika mafunzo ya unyago na jando ya makabila kadhaa, wakiwemo Wasambaa na Wazigua, mwali au mwanafunzi alionyeshwa kinyago kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilikuwa na wimbo wake na fundisho lake: adabu kwa wakwe, ubaya wa uvivu, hatari za uzinzi. Kinyago bila wimbo ni udongo mtupu. Cory alilielewa hilo, na kitabu chake cha 1956 kuhusu vinyago hivyo kinaweka kitu, wimbo na maana pamoja. Wakusanyaji wengi wa zama zake walichukua vitu na kuyaacha maneno. Katika hili Cory aliwazidi.

Alipenda pia ushairi wa Kiswahili. Mwaka 1958 kitabu chake Sikilizeni Mashairi kilichapwa palepale Mwanza, katika kiwanda cha Lake Printing Works. Kwa mji wa Ziwa ulio mbali na Lamu, Mombasa na Tanga, ambako watu walizoea kuyatafuta mashairi, hilo halikuwa jambo dogo.

Sheria

Upande mwingine wa makabrasha ni sheria, na hapa historia inabadilika sura. Mwaka 1953 kilitoka kitabu cha Cory cha sheria na mila za Wasukuma: mahari, ndoa na talaka, ulezi wa watoto, urithi, ng'ombe na ardhi. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, serikali mpya ilitaka sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziunganishwe, ili hakimu asilazimike kubahatisha kila anapohama wilaya. Kazi hiyo alipewa Cory. Rasimu zilipelekwa kwa wazee na halmashauri zikajadiliwa. Cory alifariki 1962 kabla kazi haijatangazwa. Mwaka uliofuata Tamko la Sheria za Mila likatolewa katika Gazeti la Serikali, Na. 279 na Na. 436 ya 1963. Mwaka huohuo uchifu ukafutwa kisheria. Watemi aliowaandika waliondoka madarakani, na kanuni alizoziandika zikaingia mahakamani.

Kabla ya hapo, mila ilikuwa na nafasi ya kupumua. Wazee wa ukoo walikaa, wakamtazama mjane aliye mbele yao, wakapima: amezaa, amekaa miaka mingapi, amelima nini, shemeji zake ni watu wa namna gani. Uamuzi wa leo uliweza kutofautiana na wa jana. Kanuni ilipoandikwa, ikapigwa chapa na kupewa namba, mlango huo ulifungwa. Wimbo ukiandikwa unaokoka. Mila ikiandikwa inaganda. Tendo ni lile lile, la kuweka neno la mdomo kwenye karatasi, lakini matunda yake yametofautiana.

Matunda hayo yalifika mahakamani. Katika Tamko la 1963, mwanamke aliruhusiwa kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alipofikiwa na shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, aliamua kwamba kanuni hiyo inapingana na Katiba, akaithibitisha haki ya mwanamke ya kuuza kama mwanamume. Baadaye wajane wawili wa Shinyanga, mkoa ambao wakati ule ulizijumuisha Maswa na Bariadi, walizipinga kanuni za urithi zilizowatoa kwenye nyumba za waume zao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Shauri lilifika hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliiona Tanzania imekiuka wajibu wake.

Ndiyo maana makabrasha ya sheria yana kazi hata leo. Mwanasheria anayetaka kujua kanuni fulani ilitoka wapi, na wazee walisema nini kabla haijafupishwa kuwa ibara, ana sababu ya kuyafungua.

Kutoka mikononi hadi rafuni

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi 13. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Karatasi za Cory zilikuja kupata makao katika maktaba ya chuo hicho, zikapewa namba na kuwekwa pale msomaji anapoweza kuziomba. Hapo ndipo mkusanyo wa mtu ulipogeuka mali ya taasisi. Sanduku la nyumbani lina mwenyewe. Kabrasha la maktaba lina namba, na kila mwenye kitambulisho ana haki nalo.

Kizazi cha kwanza cha wanahistoria wa Mlimani, waliotaka kuiandika upya historia ya Tanzania kwa macho ya Waafrika, walihitaji masimulizi ya wazee, na baadhi yake yalikuwa yameshaandikwa humo. Watafiti wa ngoma, tiba za jadi na dini za asili wamefuata.

Mkusanyo wa Cory haukuwa peke yake. Mlimani palipokelewa pia miswada ya tendi na mashairi ya pwani iliyokusanywa na J. W. T. Allen na wenzake. Orodha yake ilichapwa Leiden mwaka 1970. Mshairi Shaaban Robert alifariki mwaka uleule aliofariki Cory, na barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilihifadhiwa na familia hadi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipozichapa mwaka 2002. Na hapo Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ndefu kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kikatoka 1980. Muswada ulisubiri miaka 35. Mwandishi akafariki 1981.

Hizo ni njia tatu za kutunza maandishi. Ulenge alitunza kwa udugu, Kitereza alitunza jasho lake mwenyewe, Cory alikusanya ya watu. Katika hao watatu, Cory ndiye mwenye deni.

Deni

Deni hilo si la fedha. Mkusanyo una jina moja, na maneno yaliyomo ni ya wengi: manju (waimbaji) wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, bayeye, wanangwa (wakuu wa vijiji chini ya mtemi), akina mama wa mabasa, wazee wa mabaraza. Walitoa walichokijua, na wajukuu wao wa Maswa na Bariadi hawana nakala. Pale Bujora, Kisesa, jumba la makumbusho la Wasukuma limeonyesha kwamba ngoma za watemi na vifaa vya wacheza ngoma vinaweza kutunzwa nyumbani, na watu wakaja kuviona. Karatasi ni nyepesi kuliko ngoma. Kupiga picha makabrasha ya Usukuma na kuleta nakala katika maktaba za shule na ofisi za utamaduni za Simiyu, mkoa uliozaliwa 2012, ni kazi inayowezekana.

Nakala hizo zikifika, zisiwekwe kabatini. Zisomwe mbele ya wazee waliobaki, wanaoweza kusema huu wimbo ulikuwa wa nani, uliimbwa shambani au kwenye ngoma ya wigashe, na mstari huu mwandishi aliusikia vibaya. Kwenye sheria zisomwe mbele ya wanawake pia, maana wao ndio walioubeba mzigo wa maandishi hayo mahakamani. Masahihisho yao yaandikwe kwa majina ya waliosema, yapelekwe Mlimani, na yawekwe katika makabrasha yaleyale. Cory alifungua kazi hiyo kwa jina lake. Wenye maneno wana haki ya kuiendeleza kwa majina yao.