Kanzidata na Wavuti: Historia ya Kumbukumbu za Morogoro

Kanzidata ni mkusanyo wa kumbukumbu zilizopangwa kwa utaratibu mmoja, ili kila moja ipatikane kwa urahisi, ilinganishwe na nyingine na kusahihishwa inapobidi. Wavuti ni mfumo wa kurasa zilizounganishwa kwa viungo na kusomwa kupitia intaneti. Wanafunzi wengi huvichanganya viwili hivi kwa kuwa huvikuta pamoja kwenye simu. Historia ya kumbukumbu za Morogoro na milima ya Uluguru inavitenganisha vizuri, kwani huko kazi ya kupanga kumbukumbu ilitangulia kompyuta kwa miongo mingi.

Mwaka 1926 Arthur Loveridge, mtaalamu wa wanyama kutoka makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikusanya vyura, mijusi, nyoka na ndege katika Uluguru, zikiwemo sehemu za Bagilo na Nyange. Kila kielelezo kilipewa namba, na pamoja na namba hiyo yaliandikwa mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Kwa lugha ya leo, kielelezo kimoja na habari zake ni rekodi. Kila aina ya habari, kama vile tarehe, ni uga. Na namba isiyorudiwa ni ufunguo msingi. Kasoro ya lebo za zama hizo ni kwamba ziliandika jina la kijiji bila latitudo wala longitudo. Kompyuta haiwezi kuziba pengo hilo yenyewe.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM, alitoa pendekezo lililobadilisha fani nzima: data ziwekwe katika majedwali, na majedwali yahusishwe kwa thamani zilizomo ndani yake. Tanzania ilikuwa imepata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Marufuku hiyo iliyolegezwa baadaye iliichelewesha nchi, na vyuo viliendelea kutegemea madaftari na kadi.

Mfano bora wa kanzidata mkoani Morogoro unatokana na panya. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiko chini ya Uluguru katika eneo ambalo panya shamba hufukua mbegu za mahindi mara tu zinapopandwa. Mwaka 1987 watafiti wa Tanzania na Ubelgiji, akiwemo Herwig Leirs, walianza kunasa panya hao, kuwatia alama na kuwaachia. Mwaka 1994 ulianza utafiti mwingine katika shamba la hekta 3 liitwalo MOSA: mitego 300 kwa mistari, umbali wa mita 10 kati ya mtego na mtego, kwa siku tatu mfululizo kila mwezi. Chambo kilikuwa siagi ya karanga iliyochanganywa na mahindi yaliyosagwa.

Kila panya alipewa alama yake peke yake, na alama hiyo ndiyo ufunguo msingi. Jedwali moja linaweza kubeba habari zisizobadilika, kama alama na jinsia. La pili hubeba kila mnaso: alama, tarehe, mtego na uzito. Panya aliyenaswa mara tano ana safu moja katika jedwali la kwanza na safu tano katika la pili, bila jinsia yake kuandikwa upya. La tatu ni la mvua, na linaungana na la pili kwa tarehe. Majedwali ya namna hiyo yakiulizwa kwa pamoja hujibu swali ambalo daftari moja haliwezi kulijibu: mvua ya miezi gani hufuatiwa na wingi wa panya? Uchambuzi wa takwimu za Morogoro uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997 ulionyesha kwamba mvua pamoja na msongamano wa panya wenyewe ndivyo vinavyoongoza idadi yao. Ugunduzi huo ulitokana na uvumilivu wa watu walioandika vilevile mwezi baada ya mwezi.

Wavuti ilikuja kwa njia nyingine. Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 katika kituo cha CERN, Uswisi, na mwaka 1993 kituo hicho kikairuhusu itumike na yeyote bila malipo. Msomaji anapoandika anwani, kivinjari hupeleka ombi kwa seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa. Seva huiuliza kanzidata, hupokea rekodi, huzipanga katika ukurasa na kuurudisha. Kanzidata yenyewe hubaki ilipo.

Kwa Tanzania, njia ya intaneti ilipanuka sana mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM zilipofika Dar es Salaam. Leo orodha ya vielelezo vya makumbusho ya Harvard, vikiwemo vya Loveridge, hutafutwa kwenye wavuti. Tasnifu za SUA nazo, ambazo zamani msomaji alizifuata kwenye rafu za maktaba mjini Morogoro, zimewekwa katika hazina ya kidijitali ya chuo hicho, na nyingi husomwa bila malipo.