Methadoni, Pwani na bara

Mwishoni mwa 2010, unga, yaani heroini, ulikatika Pwani ya Kenya. Serikali ilikuwa imewabana wauzaji, na mateja wa Mombasa na Malindi wakaamka na arosto: makamasi, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Baadhi yao walianza kujidunga ili kile kidogo walichopata kiwatoshe. Wakati huo Kenya haikuwa na kliniki hata moja ya umma ya methadoni, dawa ya kutuliza arosto hiyo.

Mwili huuzoea unga. Kete ya jana haitoshi leo, na baada ya muda mtu hatafuti raha tena, anatafuta nguvu za kusimama. Familia nyingi ziliona dawa ni kumfungia kijana ndani, na nadhani hapo ndipo tulipoua wengi bila kujua. Akikaa wiki kadhaa bila unga, mazoea hushuka. Akitoka anarudia kipimo chake cha zamani, pumzi inakata.

Methadoni ilibuniwa Ujerumani miaka ya 1930. New York, katikati ya miaka ya 1960, Vincent Dole na Marie Nyswander walionyesha kwamba kipimo kimoja kwa siku humtuliza mraibu wa heroini. Dar es Salaam ilitutangulia: hospitali ya Muhimbili ilianza Februari 2011. Kwetu Kenya ikaja hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi mwaka uliofuata.

Dirishani mwa kliniki mgonjwa hutambuliwa, hupewa dawa ya maji kikombeni, hunywa mbele ya muuguzi, kisha husemeshwa ili ijulikane amemeza. Dozi huanza chini, mara nyingi miligramu 30 au pungufu, na hupandishwa polepole kwa kuwa methadoni hujilimbikiza mwilini.

Eldoret vita vyake vikubwa vimekuwa na chang'aa na gundi, ila unga nao una njia ya kufika: barabara ya kutoka Mombasa kwenda Malaba inapita katikati ya mji. Hapa mpango wa AMPATH umetibu virusi vya Ukimwi tangu 2001, na watafiti wake wakawafunza watu wasio madaktari kuendesha vikundi vya ushauri kwa wagonjwa wanaokunywa pombe. Kwa heroini, maneno peke yake hayafui dafu.

Ujuzi wa kutibu Ukimwi na TB una kazi hata kwenye methadoni. Rifampisini, dawa ya TB, huiondoa methadoni mwilini upesi, na arosto hurudi kwa mtu ambaye hajakosa kikombe hata siku moja. Asiyejua atamwita mwongo. Anayejua humwongezea dozi, na matibabu ya TB yakiisha huishusha tena taratibu, kwa maana kipimo kilichomtosha jana sasa kinaweza kumkata pumzi.