Picha na Kauli: Historia ya Zaire Mikononi mwa Tshibumba Kanda Matulu

Katika nchi ya Warega, ambamo Kalima imo, mafundisho ya bwami hayakutungiwa vitabu. Wazee walionyesha sanamu ndogo za mti na za pembe za ndovu, na kila moja iliambatana na methali yake. Sanamu iliyotengwa na methali ilibaki kitu cha kutazamwa tu. Kanuni hiyo yafaa kukumbukwa anapochunguzwa msanii wa mjini, Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947, mji huo ulipokuwa ukiitwa Élisabethville. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na picha za namna hiyo zilitundikwa katika nyumba za watu wa kawaida. Wenyeji waliziita ukumbusho. Mojawapo iliyopendwa sana ilijulikana kama Colonie belge: mfungwa anachapwa kiboko na askari mweusi, Mzungu akisimamia.

Mwishoni mwa mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Kwa muda wa miezi kadhaa, hadi 1974, alimchorea picha zaidi ya 100 zenye kusimulia historia ya nchi: enzi za mababu, kufika kwa Diogo Cão, kifo cha Msiri, wagomaji wa Union Minière waliopigwa risasi mwaka 1941, na mateso ya Lumumba. Alijitambulisha kuwa mwanahistoria.

Juu ya picha hizo aliandika maneno machache ya Kifaransa, lugha ya shule na serikali. Lakini masimulizi yenyewe aliyatoa kwa Kiswahili cha Katanga, nayo yakanaswa katika kanda. Tofauti hiyo si ndogo. Maandishi ya Kifaransa yalitaja tukio. Kiswahili kilieleza sababu zake, kikauliza maswali na kutoa hukumu. Kwa hiyo anayesoma maandishi ya kitambaani peke yake amepata jina la habari, habari yenyewe hajaipata.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena. Mwaka 1996 Fabian alichapisha picha hizo pamoja na masimulizi yake kwa tafsiri ya Kiingereza. Kama kanda zisingalikuwapo, picha zingalibaki bila msemaji.

Kiswahili cha Kongo kimedharauliwa mara nyingi kuwa lugha iliyovunjika, isiyofaa ila sokoni na machimboni. Hata hivyo, ndicho kilichobeba historia ya taifa zima kutoka kinywani mwa raia asiye na cheo. Hivyo basi, atakayehifadhi sanaa ya Maniema hana budi kuhifadhi pia kauli za wenyewe, kwa lugha waliyozitamkia, wakingali hai.