Pantoni na Shamba ni Swali Moja

Ndugu msikilizaji, katika nchi hii wapo watu ambao hapana budi wavuke maji kabla hawajafika kazini, sokoni au hospitalini. Wapo wa Ukara na Ukerewe, wapo wa Mafia, na hapa Dar es Salaam wapo ndugu zetu wa Kigamboni. Kigamboni si kisiwa. Mwenye gari na muda aliweza tangu zamani kuzunguka kwa njia ya Kongowe na Mbagala akaingia mjini. Lakini kwa mtu wa miguu mwenye kikapu chake cha maembe, Kigamboni ilikuwa kisiwa kwa miaka mingi. Ukiikosa pantoni, umeikosa siku.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mambo mawili ambayo wabunge wameyaulizia mara nyingi kuhusu watu wa ng'ambo ile, yaani pantoni yao na ardhi yao. Rai yangu ni kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja, na kwa kuwa tumezoea kuyauliza mbalimbali, majibu yake yamekuwa nusu nusu.

Tuanze na ardhi. Ng'ambo ya Magogoni ni nchi ya Wazaramo na watu wa mwambao, nchi ya minazi, mikorosho na mihogo, yenye miji ya kale kama Mbwamaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Serikali ilipotaka kuwaondoa mjini watu wasio na kazi na kuwapa jembe, ilitupa macho ng'ambo hiyo hiyo. Hapo ndipo kilipoanzishwa kijiji cha ujamaa cha Gezaulole, jina ambalo kwa Kizaramo maana yake ni "jaribu uone". Wenyeji wakapokea wageni, na mashamba yaliyokuwa ya koo yakaingizwa katika hesabu ya kijiji.

Matajiri wa mjini hawakuwaonea wivu watu hao. Nani angetaka kiwanja mahali ambapo pantoni ikiharibika mgonjwa hulala ufukweni? Maji yale yaliwatesa watu wa Kigamboni, na papo hapo yaliwalindia mashamba yao. Tukumbuke jambo hilo, maana yote yaliyofuata yanatoka hapo.

Mwezi Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, mwenyekiti wake akiwa Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchi nzima ikisikiliza malalamiko ya wananchi, ikatoa taarifa yake mwaka 1992. Pendekezo lake kubwa lilikuwa kwamba milki ya juu ya ardhi iondolewe mikononi mwa Serikali. Ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji, na ardhi ya taifa iwe chini ya chombo kitakachowajibika kwa Bunge. Serikali haikukubali. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 iliendelea kusema kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zikajengwa juu ya msingi huo.

Pamoja na hayo, tusizidharau sheria hizo. Zilitamka kwamba mtu akitwaliwa ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Zilikipa kijiji sauti pia. Eneo lisilozidi hekta 250 haliwezi kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Likizidi hapo Waziri ndiye mwenye uamuzi, lakini ni lazima kwanza azingatie mapendekezo ya mkutano huo.

Sasa sikiliza jinsi mambo yanavyokwenda pembezoni mwa jiji, iwe upande wa Temeke au wa Kinondoni. Mji hukua ukakimeza kijiji. Kijiji kikishaingizwa mjini kikawa mtaa, ile sauti ya mkutano mkuu juu ya ardhi inakufa. Serikali ya mtaa haina mamlaka ya ardhi. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia mauziano na kugonga muhuri, lakini hana mkutano wenye nguvu ya kisheria ya kusema hapana. Mkulima hakuhama hata hatua moja. Amelala mwanakijiji, ameamka mkazi wa mtaa, na haki yake kubwa imeondoka usiku huo huo bila kuagwa.

Mwaka 2008 Serikali ilitangaza kwamba Kigamboni, wakati huo ikiwa bado sehemu ya Temeke, itajengwa mji mpya wa kisasa juu ya hekta zaidi ya 6,000. Wakazi waliambiwa wasiendeleze maeneo yao wakisubiri kupimwa na kuthaminiwa. Aliyekuwa amefikisha nyumba kwenye lenta akaacha, na aliyetaka kuuza akakosa mnunuzi wa maana. Miaka ikapita, mawaziri wa ardhi wakabadilika, ukaundwa wakala maalumu wa kuuendeleza mji huo, na bungeni maswali yakawa hayo kwa hayo: fidia lini, mipaka wapi, mwananchi ana hisa gani katika mji huo? Hatimaye mpango ule mkubwa ukapunguzwa na wakala wenyewe ukavunjwa. Lakini nani amemlipa yule mtu ambaye kwa miaka kadhaa hakujenga, hakuuza wala hakukopa?

Wakati hayo ya ardhi yakiendelea, upande wa maji kulikuwa na mjadala mwingine. Tangu Januari 2012 nauli ya pantoni ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200. Wananchi walilalamika, na mbunge wao, marehemu Dokta Faustine Ndugulile, akawasemea pamoja na wabunge wenzake wa Dar es Salaam. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Dokta John Magufuli, alijibu kwamba asiyeweza kulipa na apige mbizi, au azunguke Kongowe. Maneno hayo watu wa Kigamboni waliyakumbuka kwa muda mrefu.

Mwaka huo huo wa 2012 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi la daraja la kuunganisha Kurasini na Kigamboni. Daraja hilo, lenye urefu wa meta 680, lilijengwa kwa fedha za NSSF na za Serikali. Lilifunguliwa mwezi Aprili 2016 na Magufuli yule yule, sasa akiwa Rais, likapewa jina la Mwalimu Nyerere.

Hebu tuziweke tarehe hizo pamoja. Mwaka 2008 mwenye shamba anaambiwa asiendeleze. Mwaka 2012 jiwe la msingi la daraja linawekwa. Mwaka 2016 magari yanapita. Ardhi ya Kigamboni ilikuwa na bei mbili, bei ya pantoni na bei ya daraja. Aliyeuza mapema kwa sababu amezuiwa kujenga aliuza kwa bei ya pantoni. Aliyenunua akasubiri, akauza kwa bei ya daraja. Faida iliyotokana na fedha za umma na akiba za wafanyakazi ikaangukia mfukoni mwa mwenye subira na mwenye habari, na mwenyeji akapata nauli ya kuhamia mbali zaidi.

Je, Bunge halikuona? Liliona, lakini liliona kwa macho mawili yasiyotazamana. Katiba yetu, katika Ibara ya 63, inampa mbunge mamlaka ya kumuuliza waziri yeyote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoleta tabu. Waziri wa Ujenzi aliulizwa juu ya pantoni, akajibu juu ya pantoni. Waziri wa Ardhi aliulizwa juu ya fidia, akajibu juu ya fidia. Kwa namna hiyo ni rahisi kila mmoja kujibu sawasawa, na lile swali la katikati likabaki bila mwenyewe: daraja likija, thamani inayoongezeka ni ya nani?

Hata palipokuwa na ukaguzi mzuri, ulihesabu zaidi fedha kuliko watu. Serikali ilinunua kivuko MV Dar es Salaam kwa zaidi ya shilingi bilioni 7 ili kifanye safari za Dar es Salaam na Bagamoyo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akaeleza kwamba hakikufikia kasi iliyokubaliwa katika mkataba. Taarifa za namna hiyo hupelekwa bungeni, na hilo ni jema. Lakini abiria aliyekisubiri hakuitwa popote aeleze alichokosa.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya kawaida katika mji unaokua, na kwamba daraja ni neema. Nakubali kabisa kuwa daraja ni neema. Nakubali pia kwamba jiji lisilopimwa huzaa vichochoro ambamo gari la zimamoto halipiti. Lakini kuchelewa kwa jibu la bungeni si jambo dogo, na ushahidi wake mchungu uko Ziwa Victoria.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichotoka Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe, kilipinduka kikikaribia gati ya Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Mbunge wa Ukerewe, Joseph Mkundi, alikuwa amekwisha kusema bungeni kuhusu kivuko hicho kabla ya maafa. Baada ya msiba bodi zilivunjwa, uchunguzi ukaamriwa, na baadaye kikaletwa kivuko kikubwa zaidi. Kumbe fedha za kivuko kikubwa zilikuwa zinaweza kupatikana! Maji yakimwagika hayazoleki, na waliozikwa Ukara hawakupanda kivuko kipya.

Basi tufanye nini? La kwanza, jibu la waziri bungeni liwe na tarehe, na tarehe hiyo ikifika waziri arudi aeleze, hata kama mbunge aliyeuliza amekwisha kuondoka. Ahadi ni deni, na deni lisilo na siku ya kulipwa ni sadaka. La pili, panapotangazwa daraja, kivuko au barabara, mawaziri wa ujenzi na wa ardhi waitwe mbele ya kamati siku moja, ili uthamini wa mashamba uhesabu njia inayokuja. Kanuni za fidia zinasema malipo yakichelewa kupita miezi 6, riba hulipwa. Basi na katazo la kuendeleza ardhi liwe na ukomo na gharama yake. La tatu, kijiji kinapogeuzwa mtaa, mkutano wa wakazi usipoteze sauti yake juu ya ardhi siku hiyo hiyo.

Mambo haya hayatuhusu watu wa Kigamboni tu. Mji wetu bado unatembea, kuelekea Mbagala na Chanika, kuelekea Bunju na Mabwepande, na kila unapofika humkuta mtu na shamba lake. Mtu huyo akiambiwa asubiri, ana haki ya kujua anasubiri nini, mpaka lini, na kikija kitakuwa cha nani. Mbunge wake akasimama kuuliza, na ayaulize yote matatu kwa pumzi moja.