Ufunguo wa stoo ya githeri

Jumapili, saa tatu usiku.

Najua nimepotea. Wengine nasikia mlianza kuuliza kama nimeolewa huko TP. Sijaolewa! Nilikuwa upande wa Kitui, katika shule moja ya msingi ambayo sitaitaja jina, nikifundisha gredi ya 5. Nilipanga kuwasimulia vituko vya wanafunzi wangu, lakini kuna jambo moja limenikaa kichwani tangu nirudi. Wacha nilitoe leo ndio nipate usingizi.

Wiki ya pili, naibu wa mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniwekea mezani vitu viwili: ufunguo na daftari. "Mwalimu, wewe bado kijana, utatusaidia na stoo." Basi. Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata ya kusimamia chakula cha shule.

Daftari lilikuwa na mgao wa kila mtoto kwa siku: gramu 150 za mahindi, gramu 40 za maharagwe, gramu 5 za mafuta, na chumvi kidogo. Rejista ilikuwa na watoto 340. Piga hesabu: kilo 51 za mahindi, kilo 13.6 za maharagwe, kilo 1.7 za mafuta. Kila siku. Daftari linataka gramu, mama mpishi anapima kwa gorogoro, na mimi niko hapo katikati na kalamu.

Miaka mitatu hapa chuoni nimesoma saikolojia ya mtoto, falsafa ya elimu, mpaka Plato. Hakuna siku mtu alinifundisha kuhesabu magunia. Kwa hivyo niliporudi niliingia maktaba na swali moja: hii kazi ilifikaje mikononi mwa mwalimu?

Tuanze nyumbani. Wazazi wetu ni watoto wa maziwa ya Nyayo. Mwaka 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya bure kwa shule za msingi, pakiti za mililita 200 zenye pembe kama piramidi, zilizotoka KCC. Mwaka huohuo karo zilizokuwa zimebaki katika shule za msingi ziliondolewa, na wanafunzi wakaongezeka kutoka karibu milioni 3 hadi kama milioni 3.7. Maziwa yenyewe yalififia miaka ya 1990, lakini muulize mama yangu leo kuhusu Moi, atakuambia habari za maziwa kabla ya kitu kingine chochote. Ukimuuliza nani alikuwa akizihesabu zile pakiti asubuhi, anacheka. Eti, "Si mwalimu tu?"

Ndiyo hivyo. Anayetoa anakumbukwa, anayehesabu ni "mwalimu tu".

Mwaka 1980 serikali na Shirika la Chakula Duniani, WFP, walianza mpango wa chakula cha mchana katika sehemu kame. Hiyo ndiyo githeri iliyonilea hata mimi. Chakula kilikuja kwa lori, na wazazi wakachangia kuni, maji na malipo ya mpishi. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango mwingine kwa zaidi ya watoto nusu milioni: badala ya magunia, shule ilitumiwa pesa, na kamati ya walimu na wazazi ikatangaza zabuni na kununua chakula kwa wafanyabiashara wa karibu. Wazo zuri, kwa sababu hata mkulima wa hapo anapata soko. Lakini angalia kilichomfika mwalimu. Jana alikuwa mtunza stoo, leo amekuwa pia afisa wa ununuzi na mhasibu, na bado ana vipindi vya Hisabati. Mwaka 2018 WFP ilikamilisha kuikabidhi serikali kazi hiyo. Wakubwa walipeana mikono. Kule chini ufunguo ulibaki palepale.

Nikajiuliza, kwani ni lazima iwe hivi? Nikaangalia wenzetu walifanyaje.

Uingereza ilipitisha sheria ya chakula cha shule mwaka 1906. Wakati wa vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, vijana wengi waliotaka kuingia jeshini walikataliwa kwa kuwa na afya mbovu, na nchi ikashtuka kuona watoto wake wanakua na njaa. Lakini kilichonifanya niketi vizuri kwenye kiti ni kifungu kimoja kidogo cha sheria hiyo. Kilisema mwalimu asilazimishwe, kama sehemu ya kazi yake, kusimamia au kusaidia kutoa chakula, wala kukusanya pesa zake. Mwaka 1906! Watu walishaona kwamba bila kuandikwa, mzigo huo utamwangukia mwalimu.

Halafu kuna India. Jimbo la Tamil Nadu lilikuwa na chakula cha shule tangu enzi za Kamaraj, 1956. Mwaka 1982 waziri kiongozi M. G. Ramachandran aliupanua mpango huo sana, na kila kituo kikapewa watu wake: msimamizi, mpishi na msaidizi. Msimamizi huyo ameajiriwa kwa kazi hiyo. Anapokea mchele, anaandika daftari, anajibu maswali. Mwalimu anafundisha.

Na jimbo lingine la nchi hiyohiyo lilitoa somo chungu. Julai 2013, katika kijiji kimoja cha Bihar, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule. Mafuta ya kupikia yalikuwa na sumu ya kuua wadudu. Mwalimu mkuu alihukumiwa mwaka 2016. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka stoo yangu ya Kitui: kwenye kona, karibu na dumu la mafuta, kulikuwa na dawa ya kunyunyizia mchwa. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo, na sikuwahi kuihamisha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Siku moja niliamua kuhesabu watoto kwenye foleni badala ya kunakili rejista. Walikuwa 311. Daftari lilikuwa likisema 340 kila siku tangu muhula uanze, kama vile hakuna mtoto anayeugua Kitui. Tofauti ni watoto 29, yaani kilo 4.35 za mahindi kwa siku. Zidisha kwa siku 60 za masomo: kilo 261, magunia zaidi ya 5 ya kilo 50. Damu ikanichemka. Nikamwendea mama mpishi nikiwa tayari kumkamata mwizi.

Hakunijibu. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko. Kwenye ua walikuwa wamekaa wadogo wa wanafunzi wetu, wa miaka miwili, mitatu, minne, kila mmoja na bakuli lake. Nilihesabu 24. "Mwalimu," akasema, "hawa niwaambie waende wapi?"

311 na 24 ni 335. Hao 5 waliobaki sikuwahi kujua walikuwa ladha ya nani.

Siku hiyo niliandika ukweli: wanafunzi 311, wadogo 24. Naibu alipoona alinikalisha chini kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Akaniambia, "Ukiandika 311, muhula ujao watatuletea ya 311. Na hao 24 hawana safu kwenye daftari. Utakuwa umewafukuza kwa kalamu." Akanipa karatasi safi. Nikaandika 340. Sahihi ni yangu.

Sijui kama nilifanya vizuri. Nikifikiria wadogo wale, naona ndiyo. Nikifikiria kwamba namba ileile ya uongo inayomlisha mtoto inaweza pia kumficha mwizi, na hakuna mkaguzi atakayejua tofauti, naona hapana. Ninachojua ni kwamba nyumba nzima imejengwa juu ya sahihi ya mtu ambaye hakufundishwa, halipwi kwa kazi hiyo na ana madaftari 60 ya kusahihisha.

Dawa yenyewe si ngumu hivyo. Weka safu moja zaidi kwenye daftari, ya wadogo. Ajiri msimamizi kama Tamil Nadu, hata mmoja kwa shule tatu. Na sisi tunaosomea ualimu tufundishwe hii kazi hapahapa chuoni, kwa sababu mwaka kesho ufunguo unatungoja. Mwaka 2023 Nairobi ilianzisha Dishi na County: chakula kinapikwa kwenye majiko makubwa ya pamoja, na mtoto analipa shilingi 5 kwa bangili. Nairobi inawezekana. Kitui bado kuna stoo, na stoo ina mlango.

Wenzangu mliokuwa TP, nyinyi mliandika ngapi? Niambieni kesho mesi. Nasikia kuna githeri.