Kingamwili za Baridi na Upasuaji wa Moyo

Kingamwili za baridi, nyingi zikiwa za aina ya IgM, hunatisha seli nyekundu za damu joto linaposhuka chini ya lile la mwili. Watu wengi wanazo kidogo, zikifanya kazi karibu na nyuzi 4 tu, wala hazina madhara. Huongezeka baada ya nimonia ya mikoplazma, maambukizi ya virusi vya Epstein-Barr au saratani ya limfu.

Kwa kawaida mwathirika huona vidole na masikio yakigeuka samawati kwenye baridi. Kwenye upasuaji wa moyo mambo hugeuka, maana humo baridi ndiyo kinga. Mashine ya moyo na mapafu hupoza damu, mara nyingi hadi nyuzi 28–32, ili viungo vitumie oksijeni kidogo. Moyo wenyewe husimamishwa kwa kadioplejia, mchanganyiko wenye potasiamu nyingi, mara nyingi wa nyuzi 4. Hapo seli hushikamana na kuziba mishipa midogo ya moyo, na damu ikipashwa tena nyingine hupasuka. Heparini haifui dafu: kazi yake ni kuzuia damu kuganda, na hii haijaganda.

Wingi wa kingamwili hautoshi kupima hatari. La kuuliza kwanza ni joto la juu kabisa ambalo bado zinafanya kazi. Zikikomea nyuzi 10, mwili waweza kupozwa hadi 32, lakini damu ya nyuzi 4 isifike moyoni. Zikifanya kazi hadi 30, ni heri kutopoza kabisa: mashine iendeshwe kwa nyuzi 36 au 37, na kadioplejia iwe ya vuguvugu. Sampuli ya kipimo hiki nayo ibaki na joto la mwili hadi maabara, la sivyo kingamwili hunasa kwenye seli na majibu hupotosha.

Zikiwa nyingi mno, plazma hubadilishwa siku chache kabla ya upasuaji. Dawa ya rituksimabu huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, hivyo haifai kwa dharura.

Kibarua kigumu ni pale tatizo linapojitokeza moyo ukiwa tayari umesimamishwa. Mwendesha mashine huona shinikizo la mrija wa kadioplejia likipanda na chembechembe nyekundu zikitua kwenye kipozeo. Baridi husitishwa, mgonjwa hupashwa, na mishipa ya moyo husafishwa kwa maji ya vuguvugu yasiyo na damu. Wakati huohuo damu kidogo hupozwa ndani ya kijaribio: punje zikitokea, kisha zikayeyuka kijaribio kinapopashwa, mhusika ni kingamwili za baridi, kwani bonge lililoganda haliyeyuki hivyo.