Magneto: Cheche Isiyotegemea Betri

Kuwasha mafuta ndani ya silinda, kwa wakati wake, kuliwatesa waundaji wa magari ya kwanza kuliko kitu kingine chochote. Karl Benz aliliita tatizo la matatizo. Gari lake la mwaka 1886 lilitumia betri na koili, na betri za enzi hizo ziliisha upesi. Gottlieb Daimler alitumia kibomba kilichopashwa moto kwa nje mpaka kikawa chekundu. Kiliwasha kweli, lakini kilikuwa moto wa wazi jirani na petroli.

Dawa ilipatikana Stuttgart, Ujerumani. Mwaka 1887 karakana ya Robert Bosch ilitengeneza magneto kwa ajili ya injini za viwandani. Ndani yake mna sumaku na waya uliozungushwa, na mwendo wa injini yenyewe ndio unaozalisha umeme.

Injini hizo zilizunguka polepole. Mwaka 1897 mfanyabiashara Frederick Simms alileta chombo cha magurudumu matatu cha kampuni ya De Dion-Bouton, ambacho injini yake ilizunguka zaidi ya mara 1,500 kwa dakika. Magneto ya Bosch, kwa uzito wake, isingeweza kwenda nayo. Msimamizi wa karakana, Arnold Zähringer, akaiacha sehemu nzito yenye waya itulie, kisha gamba jepesi la chuma ndilo lichezecheze kati yake na sumaku. Ikawezekana.

Bado cheche ilitoka kwenye vyuma viwili vilivyoachana ndani ya silinda, na vyuma hivyo vililika. Mwaka 1902 mhandisi Gottlob Honold aliongeza waya wa pili, mwembamba wenye mizunguko mingi, umeme ukapata nguvu ya kuruka pengo la plagi. Jina lililobaki midomoni ni la Bosch, lakini kwa haki kazi hii ni ya Zähringer na Honold. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Uingereza ilijikuta ikitegemea magneto za adui, ikalazimika kuunda zake haraka.

Magari yalirudi kwenye betri. Charles Kettering alibuni mfumo wa betri uliofungwa kwenye Cadillac mwaka 1910, na platini, yaani swichi za kukata umeme, zikatawala hadi transista zilipozipokea. Kwenye pikipiki ukaja mfumo wa kielektroniki uitwao CDI, ambao mafundi wa bodaboda wanaujua vizuri.

Ndege ndogo za pistoni hazikuiacha magneto. Injini ina mbili, na kila silinda plagi mbili. Kabla ya kuruka, rubani huzima moja baada ya nyingine kuhakikisha kila moja inafanya kazi. Umeme wote wa ndege ukikatika angani, injini huendelea kunguruma.

Ukishika boksi la plagi za Bosch, itazame nembo yake: duara lenye umbo katikati. Aliichora Honold mwaka 1918, na umbo hilo ni kiini cha magneto.